Wanafunzi 48 na mtaa mmoja: kisa cha matembezi ya honazi Cedar-Riverside

Ratiba iliyo mezani ni hii. Ijumaa ya mwisho ya Septemba, mabasi mawili yanawashusha wanafunzi 48 wa mwaka wa kwanza wa programu ya honazi kwenye barabara ya Cedar Avenue, mtaa wa Cedar-Riverside, mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, saa 5 asubuhi. Wanatembea mtaani kwa masaa matatu katika makundi manne ya watu 12. Anayewaongoza ni mwanafunzi mwenzao anayeishi palepale. Wanahoji wakazi, wanapiga picha, wanakula chakula cha boksi kilichopikwa na jiko la chuo, na saa 8 mchana mabasi yanawarudisha. Kila mmoja anaandika ripoti ya kurasa tano, na baada ya wiki mbili picha bora zinatundikwa kwenye ukumbi wa chuo. Bajeti imepitishwa na mkuu wa programu amefurahi.

Chuo na wanafunzi hao tumewatunga kwa ajili ya uchambuzi huu. Mtaa ni wa kweli, na aina hii ya shughuli hufanyika kweli katika programu nyingi za honazi Marekani. Tumechagua ratiba hii kwa sababu hakuna kipengele chake ambacho mtu angekikataa kwenye kikao, na bado ikitekelezwa hivi ilivyo siku itaharibika, na watakaobeba hasara ni wenyeji wa mtaa.

Neno honazi linahitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Si daraja la kwanza tunalolijua, ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humpa anayemaliza na wastani wa 4.4 kwenda juu katika 5. Wala si shahada ya heshima anayotunukiwa mgeni rasmi kwenye mahafali. Ni programu ndani ya chuo ambayo mwanafunzi huchaguliwa kwa kawaida mwanzoni kabisa, kwa rekodi yake ya sekondari na insha alizoandika. Akishaingia anapata madarasa madogo, washauri wa karibu, pengine hata bweni lake, na kabla ya kuhitimu mara nyingi anadaiwa tasnifu. Kwa hiyo hawa 48 ni vijana wa miaka 18 ambao tangu shule ya msingi wamesifiwa kwa kujua jibu kabla ya wenzao. Ukiwatangazia Jumatatu kwamba mtaa ni Cedar-Riverside, Jumanne wameshasoma kila kitu. Watashuka kwenye basi wakiwa na jibu mfukoni, na masaa matatu yote watatafuta ushahidi wa jibu hilo. Kwa wanafunzi wa aina hii hatari hiyo ni kubwa kuliko uvivu.

Shughuli yenyewe ilibuniwa kuuvunja mwendo huo. Kwa Kiingereza inaitwa City as Text; kwa Kiswahili tuiite Mji kama Matini. Ilikua kutokana na mihula ya honazi iliyoanza mwaka 1976 chini ya National Collegiate Honors Council, baraza la programu hizi lililoundwa 1966, na anayetajwa zaidi kama mama yake ni Bernice Braid wa Long Island University, Brooklyn. Wanafunzi hutawanywa katika vikundi vidogo sana, bila kiongozi wa kuwaeleza, wakiwa na kazi nne: kuchora ramani, kutazama, kusikiliza na kutafakari. Mji unasomwa kama mtu anavyosoma maandishi ya lugha asiyoijua vizuri, kwa kurudia na kwa kukubali kwamba umekosea. Ratiba yetu imebeba jina la shughuli hii, lakini ilichoandaa ni ziara ya watalii.

Siku na saa

Ijumaa ilichaguliwa kwa sababu haina vipindi vya mchana. Cedar-Riverside ni moyo wa jamii ya Wasomali wa Minneapolis, wapo na Waoromo na wengine wengi, na msikiti wa Dar Al-Hijrah uko kwenye barabara hiyohiyo ya Cedar. Mwishoni mwa Septemba jua la Minneapolis hufika katikati ya mbingu kama saa 7 na dakika 5 mchana kwa saa ya majira ya joto, maana yake sala ya Ijumaa inaangukia ndani ya muda wa matembezi. Wanaume wanaharakia msikitini, baadhi ya maduka yanafungwa kwa muda, na vijana 48 wenye daftari wamejaa kwenye njia ya miguu wakiwasimamisha watu na kuwauliza maswali. Mwanafunzi ataandika kwamba wenyeji hawakuwa tayari kuzungumza, na kwa alichokiona yeye ataamini ameandika kweli.

Siku ihamishiwe Jumamosi, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 6 na nusu. Masaa mawili na nusu yanatosha. Kijana asiyezoea kazi hii huchoka kutazama mapema kuliko anavyochoka kutembea, na ukimwongezea muda atautumia kwenye simu. Isicheleweshwe kupita katikati ya Oktoba pia, maana baridi ya Minnesota huwafukuza watu barabarani na mtaa unaosomwa ukiwa mtupu hudanganya.

Mabasi yaondolewe. Vikundi vifike kwa treni ya mjini, kwa tahadhari moja: vituo ni viwili na majina yanachanganya. Kituo kiitwacho Cedar-Riverside kiko kwenye njia ya Bluu, ile inayokwenda uwanja wa ndege, nyuma tu ya majengo marefu ya makazi yaitwayo Riverside Plaza. Kituo cha West Bank kiko kwenye njia ya Kijani inayounganisha Minneapolis na Saint Paul. Kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Andika jina la kituo na rangi ya njia kwenye karatasi ya kila kikundi, la sivyo nusu saa ya kwanza itaishia kwenye simu za "mko wapi?". Tena ni vizuri nusu ya vikundi vikashuka kituo kimoja na nusu kingine, kwa sababu mtaa unaoingiwa kwa mlango huu haufanani na unaoingiwa kwa mlango ule.

Vikundi na maeneo

Watu 12 wakitembea pamoja ni msafara. Msafara hauwezi kuingia kwenye duka dogo la nguo, na mzee aliyeketi nje hataukaribisha. Gawa 48 kwa vikundi 12 vya watu wanne. Wanne wanaenea kwenye meza moja ya mgahawa, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake.

Maeneo yawe sita, kila eneo vikundi viwili: barabara ya Cedar yenye maduka, eneo la Seven Corners, barabara ya Riverside upande wa hospitali na chuo cha Augsburg, bustani ya Currie Park na kituo cha jamii cha Brian Coyle, njia za kuzunguka Riverside Plaza pamoja na kituo cha treni, na daraja la Washington Avenue juu ya mto Mississippi, ambalo treni na magari hupita chini na waenda kwa miguu hupita juu. Vikundi viwili vya eneo moja viachane kwa saa nzima. Cha kwanza kikiona benchi tupu na cha pili kikazikuta zimejaa, mazungumzo ya mchana yamepata pa kuanzia.

Riverside Plaza yenyewe isiingizwe kwenye orodha ya pa kuingia. Ni nyumba za watu: zaidi ya vyumba 1,300 vya familia katika majengo sita, na mlinzi yupo. Kuitazama kutoka barabara ya umma ni halali. Kupanda lifti "kuona tu" ni kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi.

Karatasi ya kikundi iwe ukurasa mmoja, bila historia ndani yake. Maswali yawe ya jicho na mguu. Mtaa unaishia wapi, na nini kinauzuia usiendelee? Swali hilo pekee linaweza kula saa nzima, maana Cedar-Riverside imebanwa na mto upande mmoja na barabara kuu za I-94 na I-35W pande nyingine, na anayejaribu kutoka kwa miguu huligundua hilo kwa nyayo zake. Majani yamekanyagwa wapi na kufanya njia ambayo hakuna fundi aliyeichora? Vibao vimeandikwa kwa lugha zipi, na lugha ipi ina herufi kubwa? Nani wamebeba nini? Nani wako hapa saa hii, na nani ungetegemea kuwaona lakini hawapo? Maneno kama "maskini", "salama", "mchanganyiko wa tamaduni" yapigwe marufuku kwenye daftari siku hiyo. Aandike alichokiona hata apate shida ya kukitaja.

Mwanafunzi wa orofa ya ishirini

Kuna mwanafunzi mmoja katika wale 48 ambaye nyumbani kwao ni Riverside Plaza, orofa ya ishirini. Waandaaji wamemwona kama bahati: anajua mtaa, anajua Kisomali, tena anasema Kiswahili kwa sababu wazazi wake walipitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya. Wakamfanya kiongozi, na kwa kuwa ni mpole akakubali. Katika ratiba nzima hatukuona kosa zito kuliko hili, ingawa kwenye karatasi ndilo linaloonekana kama heshima.

Fikiria anachoombwa kufanya. Wenzake 47 wamekuja kujifunza, yeye amekuja kufanya kazi bila malipo. Atakuwa mkalimani kati ya wanafunzi wenzake na mama wanaomwita mwanangu, na kila swali la kipumbavu litatoka kwa sauti yake kwa sababu ndiye anayetafsiri. Jumatatu wenzake watasahau. Yeye atarudi nyumbani jioni ileile, na jirani atamuuliza, "Wale uliowaleta walikuwa wanataka nini?" Tena, kwa kuwa anajua kila kona, hataruhusiwa kuona kitu kipya, na hilo ndilo aliloahidiwa alipojiunga na programu.

Aulizwe faraghani, kwa maneno ambayo yanampa nafasi ya kukataa bila kueleza sababu, wiki tatu kabla. Njia ziwe tatu na zote ziwe na alama sawa. Anaweza kwenda na kikundi chake kama mwanafunzi wa kawaida kwenye eneo lisilo la nyumbani kwao, kwa mfano Seven Corners au barabara ya hospitali. Anaweza kufanya zoezi hilihili kwenye mtaa mwingine wa mji, pamoja na wenzake wawili watatu ili asionekane ametengwa. Au anaweza kukisoma chuo chenyewe kama matini: nani anakaa wapi kwenye mkahawa, milango ipi inafunguliwa kwa kadi, vibao vinamsalimia nani. Tunaipenda sana njia hii ya tatu, kiasi kwamba tungeshauri vikundi viwili vizima vipewe kazi hiyo muhula unaofuata. Jambo moja tu halimo kwenye orodha: kuwa kiongozi wa msafara.

Jambo hilihili linamhusu kijana wa Mombasa, Bukavu au Dar aliyeko kwenye darasa hilo. Akisikia mama mmoja dukani anachanganya Kiswahili cha kambini, atafurahi na kusalimia, na ni haki yake. Lakini kikundi kisimgeuze mkalimani. Mazungumzo yale ni yake, na anaruhusiwa asiyatafsiri.

Hodi, maswali na picha

Hodi inapigwa wiki tatu kabla. Mratibu mmoja, kwa miguu yake, anakwenda kwenye kituo cha jamii na kwenye migahawa mitano sita, anaeleza watakuja wangapi, saa ngapi, kufanya nini, na anauliza kama kuna jambo litakalokuwepo siku hiyo: msiba, harusi, mkutano. Anaacha namba ya simu ya mtu atakayepokea malalamiko, na namba hiyo ipokelewe kweli. Mwenye mgahawa akisema wasije, eneo lile linabadilishwa bila mjadala.

Chakula cha boksi kifutwe. Fedha ileile igawanywe kwa vikundi, tuseme dola 60 kwa kikundi, kwa noti ndogondogo, wanunue na wale mtaani, wakae chini dakika 30 bila kuondoka. Sambusa na chai, au sahani ya wali inayokuja na ndizi mbivu kando. Kwa karani wa fedha wa chuo risiti ndiyo kikwazo: maduka madogo mengine hayatoi risiti anayoitaka. Malizana naye mapema kwa fomu ya matumizi madogo, kwa sababu tumeona shughuli nzuri zikirudishwa kwenye chakula cha boksi kwa ajili ya risiti tu.

Neno "kuhoji" lifutwe pia. Kinachotakiwa ni kusikiliza, na mtu anayenunua chai anasikia mengi bila kuuliza. Akipata mazungumzo, ajitambulishe yeye ni nani na anafanya nini, na akiulizwa swali ajibu. Swali moja lizuiwe kabisa, nalo ndilo litakalowatoka wengi kwanza: "Ulikujaje Marekani?" Mkimbizi ameshaulizwa hilo na maofisa mara nyingi, kila mara jibu likiwa na uzito juu ya maisha yake. Kulisikia tena kutoka kwa kijana mwenye daftari, juu ya kikombe cha chai, kunaumiza. La pili ni moto. Mwezi Novemba 2019 jengo refu la nyumba za umma katika mtaa huu liliungua na watu watano wakafa. Wanafunzi waliokwishasoma intaneti watakuja nalo mdomoni. Wasiliulize. Mwenyeji akilitaja mwenyewe, wasikilize na wafunge daftari.

Daftari lisiwe na jina la mtu, namba ya nyumba, namba ya simu wala hali ya uhamiaji ya mtu yeyote. Programu nyingi huweka kazi zote kwenye folda moja ya mtandaoni, na folda hizo hufunguliwa na wengi kuliko mtu anavyodhani.

Picha za watu zisiwepo, za watoto zaidi. Maonyesho ya ukumbini yabadilishwe yawe ya ramani zilizochorwa kwa mkono, na kabla ya kutundikwa zipelekwe kituo cha jamii waone. Kuna na sheria nyuma ya hili. Kanuni za shirikisho la Marekani huhesabu kuwa utafiti kazi iliyopangwa kwa utaratibu ili kuchangia maarifa ya jumla. Zoezi la darasani kwa kawaida halimo humo, lakini mwanafunzi wa honazi anatafuta mada ya tasnifu usiku na mchana, na mwaka wa tatu atataka kurudi kwenye daftari la mwaka wa kwanza. Aambiwe mapema: daftari hili si data. Akitaka kufanya utafiti Cedar-Riverside ataanza upya, kwa kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuzungumza na mtu wa kwanza.

Saa ya kukaa chini

Ratiba ya awali haina hata dakika moja ya kutafakari. Basi linafika, wanatawanyika. Bila sehemu hii hakuna Mji kama Matini, na kama bajeti au muda vitakatwa, vikatwe popote ila hapa.

Wanarudi kwenye chumba kilichopangwa viti, bila mimbari mbele. Dakika 25 za kwanza ni kuandika kimya, kila mtu peke yake, kabla hajamsikia mwenzake. Ukiruhusu waongee kwanza, msemaji hodari wa kikundi atatoa tafsiri yake na wengine 3 watajikuta wameona alichoona yeye. Halafu vikundi vinavunjwa. Kwa kuwa kila eneo limetoa watu wanane na maeneo ni sita, miduara inakuwa minane ya watu sita, kila mduara una mtu mmoja wa kila eneo. Hesabu hii ndiyo sababu hasa ya kuchagua maeneo sita. Mwanafunzi aliye njia ya kipekee, kama yule wa orofa ya ishirini, anakaa kwenye mduara kwa nafasi ya eneo alilopangiwa na analeta alichokiona kwingine. Kila mduara uwe na mwezeshaji, naye asiwe na cha kufundisha. Kazi yake ni kurudia maneno mawili: "Uliliona wapi?" Anayesema mtaa una watu wapweke, aulizwe. Anayesema una umoja, aulizwe vilevile. Dakika 40 kwa miduara, kisha 30 kwa wote pamoja.

Historia inakuja baada ya hapo, si zaidi ya dakika 20. Wakati huo ina pa kushika. Kijana aliyeshangaa kwa nini zege la Riverside Plaza limebandikwa mabamba mekundu, ya njano na ya buluu, sasa anasikia jina la mbunifu Ralph Rapson, na kwamba majengo yalikamilika 1973 kama awamu ya kwanza tu ya mpango wa mji mpya wa watu wapatao 30,000, ambao awamu zake nyingine hazikujengwa baada ya upinzani wa wakazi na kesi mahakamani. Aliyehesabu lugha za vibao anasikia kwamba Cedar Avenue ilikuwa ya wahamiaji wa Skandinavia kabla haijawa ya Wasomali, na ikabandikwa jina la utani Snoose Boulevard kwa sababu ya ugoro wao. Aliyekaa karibu na kituo cha zamani cha zimamoto anajua sasa kwamba mle ndani kuna jumba la maigizo la Mixed Blood, lililoanza 1976. Ukimpa mambo hayo kabla ya matembezi, ungekuwa umemfungia macho.

Ripoti ya kurasa tano ibadilishwe. Maneno 600, yawasilishwe baada ya siku 12, na katikati ya siku hizo kila mwanafunzi arudi mtaani na mwenzake mmoja kwa saa tofauti na ile ya mwanzo: jioni ya siku ya kazi, au asubuhi wakati watu wanakwenda kwenye treni. Insha ieleze jambo moja aliloliandika Jumamosi ambalo safari ya pili imelikanusha. Rasimu ya kwanza isipewe alama. Wanafunzi hawa wakijua kuna alama watakuandikia unachotaka kusoma, kwa ufasaha mkubwa, na hutagundua. Insha ndiyo inayokwenda kwa mwalimu. Daftari linabaki la mwenyewe.